Kupanga nyaraka za nyumbani: rundo moja, dakika 15

Ukisubiri siku yenye nafasi ya kupanga makaratasi yote, haitakuja. Tega simu ilie baada ya dakika 15, chukua rundo moja tu, na ikilia acha hata kama hujamaliza. Kinachochosha hasa ni kuamua kila karatasi iende wapi, kwa hiyo yatosha mafungu matatu: ya kutunza maisha yote (vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya shule, hati ya nyumba), ya kushughulikia wiki hii, na ya kuchana. Fungu la "nitaangalia baadaye" usilianzishe kabisa. Ndilo linalorudisha vurugu.

Vyeti halisi usivifanyie laminesheni. Plastiki ile haibanduki bila kuharibu karatasi, na zipo ofisi zinazovikataa kwa sababu muhuri haukaguliki. Kila cheti kiwe kwenye mfuko wake wa plastiki unaoonyesha ndani. Ng'oa pini kwanza, maana zikishika kutu huacha doa. Risiti za mashine hufifia kwa joto na mwanga, zipige picha mapema. Faili likae juu, mbali na maji, na mtu mwingine nyumbani ajue lilipo.