Nyanya za Ilula zifike Dar zikiwa bado nyanya

Mimi nanunua nyanya Ilula, Iringa, nashusha soko la Ilala. Ni zaidi ya kilomita 400, na mlima Kitonga hauna huruma na tenga lililojazwa vibaya. Safari yangu ya kwanza nilifikisha rojo. Maji mekundu yalikuwa yakidondoka kwenye bodi ya fuso.

Siku hizi naanzia shambani. Chuma nyanya iliyoanza wekundu kitakoni tu, juu bado kijani. Chuma asubuhi umande ukishakauka, weka kivulini. Toa kikonyo; kikibaki kinamtoboa jirani. Iliyopasuka usiichanganye, hata mkulima akikuapia kwamba itafika.

Tenga la mbao lipitishie mkono ndani kwanza. Ukigusa ncha ya msumari, igonge irudi. Tandika nyasi kavu. Na lumbesa acha! Lile lundo la juu ndilo linalopondwa na tenga linalofuata. Ukimudu kreti za plastiki, nunua, ila ziandike jina, maana zina tabia ya kutorudi. Pakia jioni, gari litembee usiku, turubai lisibane pande zote, hewa ipite.

Kabla gari halijaondoka mpigie dalali, mkubaliane bei na idadi ya matenga, halafu mtumie ujumbe wa maandishi, maana ya simuni husahaulika haraka. Mkulima naye mlipe siku hiyohiyo, walau nusu. Nyanya zikiadimika, atampigia aliyemlipa.