Kuwafundisha watoto madini: anzia mezani, si mgodini

Muulize mtoto madini ni nini, atakutajia dhahabu na almasi. Kwa hiyo kabla hamjatoka nje, panga mezani chumvi, chupa ya kioo, penseli, chaki, kipande cha tofali la kuchoma na waya wa shaba. Waache wabishane ni vipi vimetoka ardhini. Vyote vimetoka huko.

Penseli ndiyo ya kuanzia, kwa sababu jina lake linadanganya. Tunaiita kalamu ya risasi, lakini ndani hamna risasi hata chembe: ni grafiti, madini meusi na laini, iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi ikachomwa. Mfinyanzi ukizidi, penseli huwa ngumu na mwandiko wake hufifia. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Wape ya HB, ambayo ni ya wastani, na ya 4B, ambayo ni laini, wakoleze kila moja kwenye karatasi, kisha wasugue kwa kidole. Pale pa 4B kidole kitateleza zaidi. Utelezi huohuo ndio unaofanya unga wa grafiti utiwe kwenye kufuli lililokwama.

Sasa tokeni nje. Kila mtoto aokote mawe matano tu, ayape namba, aandike kila moja lilikotoka. Jihadharini na kokoto za ujenzi: huenda zililetwa na lori kutoka mbali, hazielezi lolote kuhusu ardhi yenu. Msiingie kwenye mashimo ya machimbo. Msivunje mawe makavu kwa nyundo, maana vumbi lake hudhuru mapafu. Lowesheni kwanza, vaeni miwani, na nyundo ashike mtu mzima. Jiwe lenye nyuzinyuzi kama pamba liacheni lilipo.

Jaribio la kwanza ni ugumu. Kwa kipimo alichokibuni mtaalamu wa madini Friedrich Mohs mwaka 1812, kinachoanzia 1 kwa laini kabisa hadi 10 kwa gumu kabisa, ukucha una kama 2.5, kioo 5.5, na kwatzi, madini magumu yaliyojaa kwenye mchanga, 7. Jasi, madini laini ambayo mara nyingi huwa meupe, hukwaruzika kwa ukucha. Kwatzi hukwaruza chupa. Hapa watoto hukosea sana: jiwe laini huacha unga juu ya kioo, nao hudhani ni mkwaruzo. Futa kwa kidole kilicholowa. Alama ikitoka, jiwe ndilo lililoliwa.

Kisha sugueni jiwe kwenye mgongo wa kigae usiong'aa, mtazame rangi ya unga. Hematiti, ambayo ni mawe ya chuma, inaweza kuwa nyeusi lakini unga wake ni mwekundu wa kahawia. Lazima mmoja ataleta "dhahabu". Ikibanduka kwa ukucha vipande vyembamba kama karatasi, ni mika, madini ya matabaka yanayometameta. Ikiacha unga mweusi, yaelekea ni pairiti, madini ya chuma na salfa yanayong'aa kama dhahabu. Dhahabu huacha mstari wa njano.

Siki ndiyo huwafurahisha kuliko yote. Dondosha maji kwanza: jiwe lenye vitundu hutoa viputo vya hewa, na hivyo visihesabiwe. Likishakauka, kwaruza sehemu ndogo ipate unga, kisha dondosha siki. Ikitoa povu, kuna chokaa. Povu likiwa hafifu, weka chupa ya siki ndani ya maji moto kwa dakika kumi, mjaribu tena. Mfanye hivyo kwa ganda la yai, kisha kwa chaki: yenye povu ina chokaa, isiyo na povu huenda ni ya jasi. Jiwe la chokaa hilohilo, likisagwa na udongo na kuchomwa kwa takriban nyuzijoto 1,450 za Selsiasi, hutoa klinka, yaani vinundu vigumu, ambayo husagwa pamoja na jasi kidogo kuwa saruji.

Udongo nao usiachwe. Jazeni theluthi moja ya chupa ya lita moja kwa udongo, ongezeni maji na kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo, mtikise dakika tatu. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Mfinyanzi huweza kuchukua siku mbili. Mkiitikisa chupa kila mara "kuona kama imeshatulia", mtaanza upya, kwa hiyo iwekeni juu ya kabati.

Mwishowe finyangeni kijiti cha mfinyanzi chenye unene wa penseli, mkikunje kuwa pete. Ikipasuka, mchanga umezidi. Pete nzima ianikeni mpaka ikauke kabisa, kisha itieni majini pamoja na kile kipande cha tofali, mngoje saa moja. Pete itarudi kuwa tope, tofali litabaki vilevile. Waulize moto ulifanya nini ambacho jua halikuweza.