Mizani imepanda na hujakosea: jinsi ya kusoma uzito wako wiki hadi wiki

Mtu amejipimia chakula tangu Jumatatu. Jumapili asubuhi anapanda mizani anakuta karibu kilo moja imeongezeka, na kufikia saa nne yuko kibandani, chapati tatu na maharagwe mbele yake, amekata tamaa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hiyo saa nne. Utahitaji mizani, daftari, kalamu, tepu ya fundi wa nguo, na wiki nne za kutobadilisha mambo ovyo. Hizo wiki nne ndizo ngumu.

Kabla ya hatua yoyote, fahamu mizani inapima nini. Inapima kila kitu ulichobeba: mifupa, mafuta, ugali wa jana usiku, mkojo, choo ambacho hakijatoka. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ukinywa kikombe kikubwa cha chai cha nusu lita kisha ukapanda, umeongeza nusu kilo papo hapo. Mafuta ya mwili hayaendi kwa kasi hiyo. Kilo moja ya mafuta imebeba takriban kalori 7,700. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo 2 ina kama kalori 7,200. Ili uongeze kilo moja ya mafuta kwa usiku mmoja, ungelazimika kusonga pakiti nzima, uimalize peke yako juu ya chakula chako cha kawaida, na bado ungepungukiwa. Hata matangani hakuna anayekula hivyo.

Upande wa kupungua ni vivyo hivyo. Ukila kalori 500 chini ya mahitaji yako kila siku, mafuta yanayoondoka kwa siku ni kama gramu 65, uzito wa yai moja kubwa. Maji nayo hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili. Unatafuta yai ndani ya ndoo inayochezacheza, na ndiyo maana asubuhi moja haiwezi kukuambia kitu.

Hatua ya 1: Pima mizani kabla ya kujipima

Iweke juu ya saruji au vigae, mahali palipo sawa. Juu ya zulia au mkeka hudanganya. Ikishapata mahali pake iache hapo hapo, kwa sababu kuisogeza hatua mbili tu kwenye sakafu isiyo sawa hubadilisha namba.

Chukua pakiti mbili za unga za kilo 2 ambazo hazijafunguliwa. Panda bila kitu, andika. Panda ukiwa umezibeba, andika. Tofauti iwe kilo 4, ikizidi au kupungua kwa gramu 100 au 200 si neno. Rudia mara tatu. Usiziweke pakiti peke yake juu ya mizani, maana mizani nyingi za nyumbani hazisomi vizuri uzito mdogo. Tofauti ikiruka kutoka 3 hadi 5, badilisha betri kwanza. Ikiendelea kuruka, hiyo mizani haikufai.

Kuna hila moja ambayo wengi hawaijui. Baadhi ya mizani za dijitali hukumbuka namba ya mwisho na kuirudisha kama mabadiliko ni madogo, ili zionekane hazibadiliki. Ukiona 83.4 siku tano mfululizo bila kutikisika, shuku jambo hilo. Dawa yake: panda kwanza ukiwa umebeba mtungi wa maji wa lita 5, shuka, usubiri izime, kisha ujipime.

Mizani ikizidisha kilo moja na nusu kila siku bila kubadilika, haina shida. Unachofuata ni mwendo. Shida ni kuchanganya mizani: leo ya nyumbani, kesho ya kemisti, keshokutwa ya yule kijana wa stendi anayepima watu kwa shilingi chache, viatu miguuni na simu mfukoni. Chagua moja. Kama huna yako, ya kemisti inatosha, mradi uende mapema, siku tatu zile zile za wiki, na nguo za uzito ule ule.

Hatua ya 2: Pima kwa namna moja

Asubuhi ukiamka, baada ya kwenda choo, kabla ya chai, ukiwa na nguo ya ndani tu au leso nyepesi ile ile. Andika namba pamoja na desimali yake, usiikadirie. Kando yake andika maneno mawili matatu: matanga, hedhi, nyama choma, sikupata choo, safari. Maneno hayo yatakuwa na faida kuliko namba wiki ya tatu ikifika.

Usijipime tena jioni. Jioni utakuwa mzito zaidi karibu siku zote.

Hatua ya 3: Linganisha wastani, usilinganishe siku

Jumlisha namba za siku saba, ugawe kwa 7 (anayepima siku tatu kwa kemisti agawe kwa 3). Huu hapa mfano wa wiki mbili, Jumatatu hadi Jumapili:

Wiki ya kwanza: 84.2, 83.9, 83.7, 84.1, 83.8, 83.5, 84.0. Jumla 587.2, wastani 83.9.

Wiki ya pili: 83.6, 83.4, 83.5, 83.2, 83.3, 83.4, 84.9. Jumla 585.3, wastani 83.6.

Anayejipima Jumapili pekee ameona 84.0 kisha 84.9, na ataapa ameongeza karibu kilo nzima. Mwenye daftari anaona amepungua gramu 300, na kando ya ile 84.9 ameandika "matanga Bungoma". Mtu ni mmoja, mwili ni mmoja. Ukiona hesabu inakuchosha, tumia kikokotoo cha simu. Usiiruke hatua hii, kwa sababu zote zinazofuata zinaitegemea.

Kwa mtu mzima wa kilo 80 hivi, kushuka gramu 300 hadi 800 kwa wiki ni mwendo mzuri. Gramu 300 zinaonekana chache hadi uzizidishe kwa wiki 40.

Hatua ya 4: Jifunze maji hutoka wapi

Wanga ndio unaoongoza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hushika takriban gramu 3 za maji. Ukipunguza ugali, wali na mkate ghafla, akiba hiyo huisha na maji yake hutoka: ndiyo ile kilo moja au mbili zinazoyeyuka wiki ya kwanza watu wakashangilia. Mafuta yalikuwa sehemu ndogo tu ya zile kilo. Kisha inakuja harusi, unakula pilau na chapati, akiba inajaa, kilo zinarudi kwa siku mbili. Ukirudi kwenye sahani yako ya kawaida, mara nyingi zinaondoka kwa siku tatu nne. Anayepima kasi yake kwa wiki ya kwanza ataumia wiki ya tatu, kwa sababu ile haikuwa kasi yake halisi.

Chumvi inafuata. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichorundikwa. Sasa hesabu nyama choma na chumvi yake pembeni ya ubao, kachumbari, viungo vya pakiti kwenye mchuzi, soseji na smoki. Magadi nayo ni chumvi ya sodiamu; mrenda au kunde zilizopikwa kwa magadi mengi zinaweza kuzuia maji pia. Usiache mrenda. Punguza magadi, na usishtuke asubuhi inayofuata.

Mazoezi mapya huwavunja moyo wengi bila sababu. Ukipanda mlima Menengai Jumamosi baada ya miezi ya kukaa, Jumatatu mapaja yanauma na mizani imepanda. Misuli iliyochanika kidogo huvuta maji ili ijirekebishe, jambo linaloweza kuchukua siku kadhaa. Kinyume chake, ukikimbia mchana kwenye jua la Kisumu unaweza kurudi kilo moja pungufu, na yote ni jasho. Inarudi ukinywa maji, na ni lazima unywe.

Hedhi: wanawake wengi hushika maji siku chache kabla, wengine nusu kilo, wengine kilo mbili. Kwa hiyo wiki ya kabla ya hedhi ilinganishe na wiki ya kabla ya hedhi ya mwezi uliopita. Ukiilinganisha na wiki iliyotangulia utaona "umenenepa" kila mwezi.

Choo: ukila kidogo, hata choo hupungua, na siku mbili bila choo zinaonekana kwenye mizani. Githeri na mboga za majani huongeza uzito tumboni kwa sababu nyuzi zake hushika maji. Huo si uzito wa kuogopa. Safari ndefu ya basi nayo hujaza miguu maji. Tembea ukifika, ulale, upime kesho kutwa.

Hatua ya 5: Tepu ya kiuno, kila wiki mbili

Tafuta ubavu wa mwisho kwa vidole, kisha mfupa wa juu wa nyonga. Katikati yake ndipo pa kupima, si pale mkanda wa suruali unapokaa. Simama wima, toa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo ndani, zungusha tepu iguse ngozi bila kuibana. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita moja, pima ya tatu. Tepu kuukuu za kitambaa huvutika, basi ilinganishe yako na rula ya shule kwanza.

Uzito ukiganda na kiuno kikapungua sentimita mbili kwa mwezi, mambo yanakwenda. Usiguse kitu.

Hatua ya 6: Ukiganda kweli

Kuganda ni hivi: wastani wa wiki nne haujashuka hata gramu 200, na tepu haijasogea. Siku tano si kuganda. Kwa mwanamke, mzunguko mzima wa hedhi upite kwanza.

Sehemu ya sababu ni halali kabisa: mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo kuliko ule mzito, na anayekula kidogo hujikuta anakaa zaidi, anapanda boda mahali alipokuwa akitembea. Lakini kabla ya kupunguza sahani, kagua vitu vinavyoingia bila kupimwa.

Anza na mafuta ya kupikia. Chora mstari kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito Jumatatu, angalia tena Jumapili usiku. Nyumba ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa wiki, kila mtu amekula kama mililita 36 kwa siku, karibu kalori 300, na hakuna aliyeyaona sahanini. Suluhisho ni kijiko: kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Sukuma ya watu wanne inaiva vizuri kwa vijiko viwili. Samaki wa kukaanga hunywa mafuta. Yule yule akichemshwa na nyanya na vitunguu anashibisha sawa.

Kisha sukari ya chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vinne kwa siku, ni gramu 48, karibu kalori 190. Punguza kijiko kimoja kila wiki, ulimi utazoea. Njugu karanga za kutafunia njiani: gramu 30, yaani kiganja kimoja, ni kalori 170. Soda ya nusu lita inakaribia 210.

Ugali upime ukiwa unga. Gramu 100 za unga ni kama kalori 360, iwe umesonga mgumu au laini, ilhali ugali ulioiva hubadilika uzito kulingana na maji. Tafuta kikombe kimoja nyumbani, ujue kinabeba gramu ngapi, na ukitumie hicho hicho.

Kutoka kwenye orodha hiyo punguza kalori 150 hadi 200 kwa siku, mahali pamoja tu, au ongeza mwendo wa dakika 30 hadi 40. Subiri wiki tatu usome wastani upya. Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hutajua lipi lilifanya kazi, na yote matano utayaacha pamoja.

Vidonge vya kukojoa, chai za kuharisha na kukimbia umejifunga nailoni tumboni vyote hutoa maji. Mizani itashuka, mafuta yatabaki, na figo zinaweza kulipa gharama.

Mahali daftari halitoshi

Nenda kituo cha afya, usisubiri wastani, kama uzito umepanda zaidi ya kilo 2 kwa siku mbili tatu pamoja na kukosa pumzi, au miguu imevimba na ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Vivyo hivyo ukipungua bila kujitahidi, hasa kukiwa na kikohozi kisichoisha, jasho la usiku au kiu na mkojo mwingi. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wake, maana sukari inaweza kushuka hadi azirai. Mjamzito hii si kazi yake kwa sasa, na anayenyonyesha aulize kliniki kwanza.

Baadhi ya dawa huongeza uzito: steroidi, insulini, baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, na dolutegravir, dawa ya VVU, pia imehusishwa na jambo hilo. Usiache dawa wala usiruke dozi kwa ajili ya mizani. Beba daftari, onyesha wastani wa wiki nane pamoja na tarehe uliyoanza au kubadilishiwa dawa. Daktari akiona namba zikianza kupanda wiki ile ile, mazungumzo yenu yataanzia hapo.