Kuongeza potasiamu kwenye mlo ili kushusha presha: hatua ninazozifuata

Nimemsaidia ndugu yangu kupanga upya mlo wake baada ya kuambiwa ana presha. Huu ndio mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1: Pima figo kwanza

Tafadhali usiiruke hatua hii. Potasiamu ni madini yaliyomo kwenye vyakula, na inayozidi mwilini hutolewa na figo. Figo zikidhoofika, potasiamu hurundikana kwenye damu, ikavuruga mapigo ya moyo, hata kuusimamisha. Na figo huanza kuharibika kimyakimya, kwa hiyo kujisikia mzima si kipimo. Omba kupimwa kreatinini (taka ya mwili inayoonyesha figo zinavyofanya kazi) na potasiamu kwenye damu.

Mtajie daktari kila dawa unayokunywa. Enalapril, lisinopril, losartan na spironolactone huufanya mwili uibakize potasiamu, na nyingi ni dawa za presha zenyewe. Usiache dawa ili ule ndizi. Muulize kiasi gani kinakufaa.

Chunguza pia chumvi mbadala, ile inayouzwa kuwa ina sodiamu kidogo (sodiamu ni madini yaliyomo kwenye chumvi ya kawaida). Mara nyingi sehemu yake ni kloridi ya potasiamu. Utafiti mkubwa wa China uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kuwa inapunguza kiharusi, lakini wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakushirikishwa. Soma pakiti. Kama hujapima damu, usiiguse.

Hatua ya 2: Punguza chumvi

Chini ya gramu 5 kwa siku, takribani kijiko cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya viwandani. Potasiamu huzisaidia figo kutoa sodiamu kwenye mkojo na hulegeza kuta za mishipa, lakini ukiendelea kumwaga chumvi unaipa kazi isiyokwisha.

Hatua ya 3: Changanya vyakula

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3510 za potasiamu kwa siku. Ndizi ya wastani ina takribani 420, hivyo ndizi peke yake haitakufikisha. Tegemea maharage, dengu, viazi, mboga za majani na parachichi. Vidonge vya potasiamu sivishauri kabisa bila daktari.

Hatua ya 4: Usimwage maji uliyochemshia

Potasiamu huhamia humo. Pika kwa mvuke, au yageuze mchuzi.

Hatua ya 5: Pima presha nyumbani

Chagua mashine ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo cha mkono. Tulia dakika 5, pima mara mbili, andika. Mpelekee daktari daftari hilo kabla dozi yoyote haijabadilishwa.