Siku ya usaili wa mafunzo ya ubingwa Marekani, kwa daktari aliye Dar au Nairobi

Mwaliko ukiingia kwenye barua pepe, ujibu papo hapo. Hospitali nyingi husaili kuanzia Oktoba hadi Januari na nafasi hujaa haraka. Ukisubiri hadi utoke zamu, unaweza kukuta umebaki kwenye orodha ya akiba.

Ukishachagua siku, hesabu saa kwa kalamu na karatasi. Tangu korona ya mwaka 2020 usaili mwingi hufanyika kwa video, kwa hiyo saa ndiyo safari yako. 8:00 asubuhi ya New York ni saa tisa alasiri kwetu mwezi Oktoba. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma, na kuanzia hapo inakuwa saa kumi. Baada ya badiliko hilo, hospitali ya California ikikuita muda huohuo wa asubuhi, kwako ni saa moja usiku. Andika saa kwa mtindo wao na wa kwetu, maana 8:00 ikisomwa na mtu aliyekesha wodini hugeuka saa nane.

Chaji kompyuta ijae, weka bando la akiba kwenye simu, na namba ya mratibu wa mafunzo iwe mezani. Umeme ukikatika, mjulishe mara moja na umwombe muda mwingine.

Baadhi ya hospitali huandaa kikao cha jioni na madaktari wanaosomea ubingwa pale. Saa kumi na mbili jioni ya New York, baada ya Novemba, ni saa nane usiku kwetu. Ukiweza, kesha. Hapo wakufunzi hawapo, na ndipo utakapojua zamu zikoje na mtu akikosea anatendewaje.

Siku yenyewe huanza kwa mkurugenzi wa mafunzo kueleza programu yao. Kisha unaingia kwenye mazungumzo mawili hadi manne, kila moja dakika 15 hadi 30. Watauliza wewe ni nani, kwa nini fani hii, kwa nini hospitali yao, na lolote uliloandika kwenye wasifu, hata utafiti wa miaka sita iliyopita. Kama kuna mwaka hukufanya kazi, wataugusa, kwa hiyo uwe na maelezo mafupi ya kweli.

Hapa ndipo wenzetu wengi wazuri wanapopotea. Tumelelewa kutojisifu mbele ya wakubwa, basi tunasema: "Tulimpokea mama anatokwa damu baada ya kujifungua, tukamhudumia." Msaili anabaki hajui wewe ulifanya nini. Sema: "Niliita msaada, nikaanza dawa, nikatuma ndugu wakatoe damu kwa sababu benki ilikuwa tupu." Huko si kujikweza, ni kutoa ripoti ya mgonjwa. Taja wauguzi pia, lakini kazi yako iite yako. Na macho yaelekee kwenye kamera; kuinamisha kichwa, ambako kwetu ni adabu, huko huonekana kama kuficha jambo. Usipolisikia swali, omba lirudiwe.

Kanuni za NRMP, shirika linalolinganisha waombaji na hospitali kwa orodha za chaguo za pande zote mbili, haziwaruhusu kukuuliza umeomba wapi kwingine wala kwenye orodha yako utawapanga wa ngapi. Ndoa, mimba na dini pia hazipaswi kuulizwa. Viza wanaweza kuigusa: J-1, viza ya mafunzo, hudhaminiwa kupitia ECFMG, taasisi inayothibitisha vyeti vya madaktari waliosoma nje ya Marekani, na kwa kawaida hukutaka urudi nyumbani miaka miwili baada ya mafunzo, na H-1B, viza ya kazi, huhitaji uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari ya Marekani.

Nawe uliza. Waliomaliza mwaka jana wako wapi? Nani anasimamia usiku?

Kabla ya kulala, andika ulichokiona, kwa sababu baada ya usaili wa tano hospitali zote hufanana kichwani. Daftari hilo ndilo litakalokusaidia kupanga orodha yako ya hospitali mwishoni mwa msimu. Panga kwa unavyotaka wewe, si kwa unavyodhani wanakutaka, kwani ulinganishaji wa NRMP huanzia kwenye chaguo za mwombaji. Jumatatu ya wiki ya majibu utajua kama umepata; Ijumaa, ile ya tatu ya Machi, utajua ni wapi.