Je, kurkumini ya manjano kweli inatuliza mikroglia? Kipimo cha Griess kwa seli za BV-2, hatua kwa hatua

Mikroglia ni seli za kinga zinazoishi ndani ya ubongo. Zikikutana na lipopolisakaridi (LPS), kipande cha ukuta wa bakteria, hutengeneza kimeng'enya cha iNOS na kutoa nitriki oksidi, ambayo ndani ya lishe ya seli (kimiminiko cha kuzikuzia) hugeuka nitriti; kipimo cha Griess huipima nitriti hiyo kwa rangi. Ukiweka kurkumini, kemikali iliyomo kwenye kiungo cha manjano, na nitriti ikashuka, usishangilie bado. Huenda seli zimekufa. Huenda kurkumini imeinasa nitriki oksidi yenyewe, au imeizuia LPS isifike kwenye seli. Hatua zifuatazo zinakusaidia kuzitambua sababu hizo.

1. Akiba ya kurkumini. Yeyusha miligramu 3.68 katika mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi) upate 10 mM. Gawa kidogo kidogo, funika kwa karatasi ya alumini, gandisha kwa −20 °C. Usitumie unga wa manjano wa sokoni: kurkumini humo ni asilimia chache tu, na unga hubeba LPS ya bakteria wa udongoni. Kichujio cha 0.22 µm huzuia bakteria, lakini LPS hupita.

2. Seli. Kuza BV-2 (mikroglia za panya) kwenye DMEM (aina ya lishe ya seli) yenye seramu 10%, 37 °C, CO₂ 5%. Zigawe kabla hazijasongamana, kwa maana zikibanana hubadili tabia. Panda seli 20,000 kwa kila kisima cha sahani ya visima 96, uziache zilale usiku mmoja.

3. Dawa kwanza, LPS baadaye. Ondoa lishe ya zamani, weka µL 100 za lishe yenye seramu 2% na kurkumini 1, 5 au 10 µM. Seramu usiiondoe yote: LPS huzihitaji protini zake ili seli ziitambue, na kurkumini bila seramu huharibika ndani ya nusu saa hivi. Punguza akiba kwa DMSO kwanza (10, 5 na 1 mM), kisha kila moja 1:1000 kwenye lishe, ili DMSO ibaki 0.1% kila mahali, hata kwenye visima visivyo na dawa.

Baada ya saa 1 ongeza µL 100 zenye LPS 200 ng/mL na kurkumini ya kiwango kilekile. Ukisahau kurkumini hapo, dozi inapungua nusu. Tikisa chupa ya LPS kwa nguvu kabla ya kuchota, maana hung'ang'ania plastiki. Subiri saa 24.

Lazima pia uwe na visima vya lishe tupu, LPS peke yake, kurkumini peke yake, na LPS pamoja na 1400W (10 µM), kizuizi cha iNOS. Kurkumini peke yake ikipandisha nitriti, shuku uchafu wa LPS.

4. Griess. Hamisha µL 50 za lishe ya juu kwenye sahani mpya. Ongeza µL 50 za sulfanilamidi 1% ndani ya asidi ya fosforiki 5%, dakika 10 gizani. Kisha µL 50 za NED 0.1% (kemikali inayokamilisha rangi), dakika 10 tena. Soma kwa 540 nm ndani ya nusu saa. Nitriti ya kipimo (0 hadi 100 µM) itengeneze ndani ya lishe ileile, si maji.

5. Kutafuta uongo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika.

Pima uhai kwa MTT, kemikali ambayo seli hai huigeuza zambarau, lakini osha seli kwa PBS (maji ya chumvi) kwanza: kurkumini inaweza kuigeuza MTT kuwa ya zambarau bila seli yoyote, nawe ukadhani ziko hai. Dozi yenye uhai chini ya 90% itupe.

Changanya nitriti 25 µM na kurkumini 10 µM bila seli. Ukisoma chini ya 25, kurkumini inavuruga rangi. Rudia kwa sodiamu nitroprusidi, inayotoa nitriki oksidi yenyewe. Nitriti ikishuka hapo, dawa inanasa gesi.

Mwisho, weka kurkumini saa 1, osha, ndipo uweke LPS. Athari ikitoweka kabisa, huenda dawa ilikuwa inaizuia LPS nje ya seli, au haikai ndani ya seli muda wa kutosha. Ili kutofautisha, amsha seli kwa interferoni-gama (protini ya kinga) badala ya LPS, kurkumini ikiwepo: nitriti ikishuka hata hapo, athari si ya kuizuia LPS tu.

Ukihamia mikroglia za binadamu, acha Griess: hutoa nitriki oksidi kidogo mno. Pima TNF-α na IL-6, protini za uvimbe, kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili).