Kipimo cha kelele kabla ya kuingiza gari lako kwenye uwanja wa mbio Uingereza: jinsi ya kukipita

Ukishalipia siku ya kukimbiza gari lako mwenyewe kwenye uwanja wa mbio, yasome masharti mpaka chini kabisa. Huko ndiko wanakoandika kwamba gari likizidi kiwango cha kelele haliingii, na hela hairudi. Leseni, helmeti na kujiandikisha asubuhi havina shida. Shida ni bomba la moshi.

Anza kwa kuuliza kiwango cha uwanja huo, kwa tarehe hiyo hiyo. Vingi vinaruhusu desibeli 105 gari likiwa limesimama. Castle Combe ni 100. Uwanja mmoja unaweza kuwa na siku za kelele na siku za ukimya, maana majirani wanalalamika na halmashauri inawasikiliza. "Gari langu halina kelele sana" si jibu. Wanataka namba.

Foleni yenyewe ni fupi. Mpimaji anaweka kifaa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45, kimo sawa na bomba. Wewe unakaa kwenye usukani, gia huru, unapandisha resi mpaka robo tatu ya kikomo cha injini na kuishikilia hapo. Injini inayoishia mizunguko 7,000 kwa dakika inapimwa kwenye 5,250. Ijue namba yako mapema, la sivyo mpimaji atakukadiria mwenyewe, na sijaona anayekadiria kwa huruma.

Sasa hapa ndipo pesa zinapopotelea: kupima nyumbani kwa programu ya simu. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Kelele ikipanda sana inajibana na kukupa namba tamu. Yangu ilisema 98. Kifaa cha uwanjani kikasema 106, jamaa akaiandika bila kuinua kichwa, akaita gari linalofuata.

Kwa hiyo azima au kodi kifaa halisi cha kupimia sauti, pamoja na kile kidude cha kukihakiki kinachotoa desibeli 94. Kiweke kwenye uzani wa A, yaani mpangilio unaopima sauti kama sikio la binadamu linavyoisikia. Chukua futi ya kupimia, usikadirie kwa macho: ukisimama mita moja badala ya nusu mita, unasoma pungufu kwa desibeli 6 hivi na kujidanganya bure. Pimia mahali wazi, kwani ukuta unarudisha sauti. Injini iwe ya moto. Lenga angalau desibeli 2 au 3 chini ya kikomo, maana kifaa chao si chako.

Ukizidi, angalia kwanza sailensa. Zile za kupakiwa sufi huchoka, na fundi anaweza kuijaza upya bila kubadilisha bomba zima. Kama mwenye gari wa zamani alitoa masega (kile kichujio cha moshi, catalytic converter), yarudishe. Gari lililotoka kiwandani nayo halipiti hata MOT, ule ukaguzi wa magari wa kila mwaka Uingereza, bila hayo. Kizibo chenye tundu, cha kubana mdomo wa bomba, kinasaidia pia, ila kaza boliti zake vizuri. Kikichomoka kwenye kona, aliye nyuma yako ndiye atakayekipokea.

Halafu kuna kipimo cha pili ambacho wengi hawakitegemei. Viwanja vingi vina maikrofoni pembeni ya njia, zinazokusikia ukipita umekanyaga mafuta hadi mwisho. Hizo zinachukua pia sauti ya hewa inayovutwa na injini, na kama ekzosi yako ina vali inayofunguka kwa mwendo, itakuumbua hapo hata kama ulipita ukiwa umesimama. Wenyeji hupandisha gia mapema wakikaribia maikrofoni. Wasimamizi wanaujua mchezo huo, lakini wao wanaangalia namba tu. Ikizidi, unaonyeshwa bendera nyeusi: ingia pembeni, kawaone, na uwe na spana mkononi.